Mama, Wanasema ya Chuo Yalikuwa ya Chuo

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyokuwa ukitaka nikujibu. Ulikuwa unaniuliza kwa Kiswahili, nakujibu kwa Kiingereza, na wewe unajifanya hukusikia mpaka nirudi kwenye lugha yako. Leo nimerudi. Nikikosea nivumilie, maana nina hasira, na nataka uisikie vizuri.

Nimetoka Ujerumani kwenye majaribio ya timu inayolipa wachezaji. Hawakunichukua.

Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Sasa nisikilize.

Tangu ututoke, Zuhura ndiye anayepika siku za Ijumaa. Pilau ya dada yangu bado haijaifikia yako, ila simwambii. Nilikwenda kuchukua viatu vyako kwenye ile nyumba ya wazee ulikokuwa ukifanya kazi. Bibi mmoja, yule uliyekuwa ukimsuka nywele, akaniuliza zamu yako ni lini. Nilitoka nje nikakaa kwenye kituo cha basi, mabasi yakapita na mimi nimekaa.

Unakumbuka mechi ya kwanza uliyokuja? Mvua, uwanja wa chuo tope tupu, na wewe na baibui lako na chupa ya chai, umekaa peke yako. Ulisema, "Huu mpira gani wa miguu unaochezwa kwa mikono, na mpira wenyewe kama yai?" Nikakueleza kwamba katika futiboli ya Kimarekani mimi ni kwotabeki, yule anayepewa mpira kwanza, anatazama mwenzake gani yuko wazi, kisha anamrushia kabla hawajamwangusha. Ukasema, "Kumbe ndiyo maana wanakuvamia wewe tu." Tangu siku ile hukukosa mechi ila ukiwa kazini. Tulipochukua ubingwa wa vyuo ulipiga kigelegele mpaka mwamuzi akageuka. Wenzangu hawakujua ile ni sauti gani. Mimi nilijua.

Nilikwenda Ujerumani na ubingwa huo kichwani. Asubuhi ya kwanza kocha, Mmarekani mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alinikalisha akaniambia nisahau ya chuo. Akasema hata kwao Marekani, ambako vyuo vina viwanja vikubwa kuliko hivyo vya Ujerumani, wapo vijana walioshangiliwa na mji mzima, wakachaguliwa wa mwanzo na timu kubwa, na walipofika kwenye mpira wa kulipwa wakaishia benchi. Na wapo ambao chuoni hakuna aliyewatazama mara mbili, na leo ndio wanaocheza.

Nikamuuliza, "Sasa nyinyi mnajuaje nani ataweza?"

"Tunakisia," akasema. "Tunakisia, halafu tunajifanya tunajua."

Nilimheshimu kwa hilo, Mama. Na sitakudanganya kwamba alikosea. Chuoni nilikuwa namwona mwenzangu yuko wazi, ndipo namrushia. Kule, nikishamwona yuko wazi, ameshazibwa. Inabidi urushe mahali ambapo mwenzako hajafika, uamini atafika. Siku za mwanzo mipira yangu ilidakwa na wapinzani mpaka nikaona aibu kuvua ile kofia ngumu ya mchezo. Halafu kidogo kidogo macho yakaanza kufunguka. Siku ya mwisho nilirusha mpira mrefu mmoja katikati ya walinzi wawili, na mpokeaji akaudaka bila kupunguza mbio. Mtu mmoja pembeni akapiga makofi.

Jioni kocha akaniita. Akaniambia nina mbio na mikono mizuri, wanaweza kunichukua niwe mpokeaji. Kwotabeki, hapana.

"Nipe wiki moja nyingine," nikamwambia. "Umeniona nilivyobadilika."

"Nimekuona," akasema. "Wiki sina."

Nikamwambia nimekuja kwotabeki na nitaondoka kwotabeki. Akanipa mkono, nikarudi London, nyumbani Barking, na begi langu.

Sasa hasira yenyewe inaanzia hapa. Jumapili tulikusomea khitma. Tumemaliza kula, wanaume tumekaa sebuleni, Mjomba Khamis akanigeukia mbele ya watu wote. "Basi umeona mwenyewe, Idrisa. Ya chuo yalikuwa ya chuo. Njoo ofisini kwangu Jumatatu nikutafutie kazi ya kweli." Wazee wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Mmoja akasema heri nimejua mapema.

Ningeweza kunyamaza. Wewe ungenikata jicho ninyamaze. Sikunyamaza.

Nikamwambia, "Mjomba, nakuheshimu, na leo ni siku ya Mama, sitaki maneno makali. Lakini Mama alikuwa mwalimu kule Wete, Pemba. Wewe mdogo wake, yeye ndiye aliyekufundisha kusoma. Alipofika London wakamwambia cheti chake hakitambuliki, akaogesha wazee mpaka alipougua. Kwa hiyo hakuwa mwalimu? Ya Wete yalikuwa ya Wete?"

Nikawaambia ulivyonijibu jikoni, siku niliyokuuliza kama ile barua ya kukukatalia cheti ilikuuma. Ulisema, "Wamekisoma cheti. Darasani hawakuniona." Ukaendelea kukatakata vitunguu.

Mjomba akaisukuma sahani yake kando. Kisha akasema, "Alikuwa mwalimu. Na fimbo zake nazikumbuka." Watu wakacheka, naye akajifuta macho kwa leso. Usidhani nilimgeuza. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni alinikumbusha tena habari ya Jumatatu.

Jumatatu sikwenda. Kuna timu ndogo Poland iliyoona video zangu ikaniita, na kwotabeki wao ameumia goti. Uwanja wao una jukwaa upande mmoja tu, na nitakaa fleti moja na wachezaji wengine ambao hata lugha yao siijui. Zuhura ameniuliza kama nina akili timamu, kisha akaninunulia koti la baridi. Naondoka Ijumaa.

Sijui kama nitaweza, Mama. Nakwambia wewe tu. Ule ubingwa haukuniahidi kitu, na nimekubali hivyo. Anayeniambia kwamba niliweza chuoni kwa hiyo nitaweza kokote, simwamini tena. Lakini na huyu anayesema kwamba nimeshindwa Ujerumani kwa hiyo sikuwa kitu, simwamini vilevile. Wote wawili wanakisia. Mimi nataka kwenda kujua, na nikirudi nimepigwa, nirudi nikijua.

Umenikosesha mengi kwa kuondoka mapema. Nilitaka uje uone uwanja wa ugenini, uulize maswali yako, uniaibishe mbele ya wenzangu. Hilo nalo limenitia hasira, na sina wa kumlaumu.

Pumzika, Mama. Mola akupe nafasi na mwanga huko uliko. Ijumaa nitapita makaburini kukusomea, kisha niende uwanja wa ndege. Na ahadi yangu ni hii: siku nitakapoona mwenyewe, kwa macho yangu, kwamba siwezi, nitavua kofia nirudi nyumbani wala sitalia. Lakini kwa sababu ya kukisiwa na mtu, sitoki uwanjani.

Mwanao,
Idrisa