Mtandao Usiokatika Katikati ya Neno

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimeambiwa kwamba nilimwambia mgonjwa asubiri. Mimi sikumwambia asubiri.

Sista Virginia alinipigia saa nne asubuhi kutoka hospitali kule Kiritiri. Ciku amefika akiwa amevimba miguu na uso, presha iko juu. Kichwa kilianza kumuuma Jumamosi. Akaulizwa kwa maandishi mbona hakuja siku hiyo hiyo. Akaandika: mkalimani alisema nisubiri kliniki ya Jumanne.

Mkalimani ni mimi. Mimi naketi hapa Majimbo, Embu, mbele ya kompyuta. Daktari anaongea huko, na mimi namtafsiria Ciku kwa lugha ya ishara kupitia video. Ciku ni kiziwi. Mimba ya kwanza, wiki ya thelathini na tano. Wiki jana daktari alisema: kichwa kikiuma, au ukiona vimulimuli, usisubiri siku ya kliniki, njoo mara moja. Nikaashiria hivyo hivyo. Lakini kwa ishara tunakanusha mwishoni — kwanza "subiri", halafu ile "hapana" ya mkono na kichwa. Picha iliganda kwenye "subiri". Iliporudi, daktari alikuwa ameshafika kwa mambo ya chumvi.

Nilidhani ameona. Sikumuuliza. Hilo ni kosa langu na nitalibeba.

Lakini kuganda si kwangu. Kuganda ni kwa Kamba Nuru, hawa watu wa faiba. Nimewapigia. Msichana akaniuliza kama nimejaribu kuzima rauta na kuiwasha. Nikamwambia mtu angekufa. Akasema anaelewa, na kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Baadaye wakatuma ujumbe nitoe nyota za huduma. Nimetoa moja kwa sababu sufuri haipo.

Jumatano, 3 Septemba

Ciku amelazwa, presha imeanza kushuka. Mtoto anacheza. Asante Mungu.

Mutugi wa ofisini, yule anayetupangia kazi kutoka Nairobi, amepiga. Hakupaza sauti. Amesema ikikatika tena atampa Ciku mkalimani mwingine, na aliyebaki ni mwanaume. Ciku alishasema hataki mwanaume chumba cha kujifungulia. Na nusu ya ishara zake si za shule, ni za nyumbani kwao, alizotunga na nyanya yake. Nimechukua miezi sita kuzijua. Huyo mwingine atazijua kwa siku ngapi?

Nimemwambia Mutugi: haitakatika. Sijui nilitoa wapi hiyo sauti.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeanza kupima. Mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Na video ya nusu saa kila mara, nikihesabu imeganda mara ngapi.

Kamba Nuru, leo. Waliniuzia kasi ya Mbps 20. Asubuhi nimepata 18. Si mbaya! Ila hiyo ni ya kupakua, vile vitu vinavyokuja kwangu. Ya kupakia, ile inayobeba mikono yangu kwenda Kiritiri — 2. Jioni, 0.6. Imeganda mara kumi na moja.

Miaka miwili nimekuwa nikiangalia namba isiyonihusu. Matangazo yote yanataja ya kupakua peke yake. Ni sawa kwa mtu wa kutazama mpira. Mimi si mtazamaji. Mimi ndiye ninayetazamwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimezunguka na kompyuta kwapani kama mtu wa sensa.

Jana nimeazima kile kirauta cha laini ya simu cha mwalimu wa ghorofa ya juu. Asubuhi kinatimua vumbi: 41 kupakua, 15 kupakia. Nikaanza kufurahi. Saa kumi na mbili watoto wote wa mtaa wako kwa simu — 3 na 1. Na mvua ya saa tisa ilipopiga mabati, kikanyamaza kabisa dakika nane. Hapana.

Leo nimevuka ua kwenda kwa Maxine, yule dada anayeuza nguo mtandaoni. Ploti yao ni ya mtu mwingine, na wao wana Rupingazi Net. Ni kampuni ndogo, hata bango hawana. Maxine akanionya: "Auntie, hii ni ya polepole, usicheke."

Sikucheka. 10 kupakua. 10 kupakia. Mchana 10 na 10. Jioni 9 na 10. Mvua ikinyesha, 10. Nusu saa ya video, imeganda sufuri. Nikaketi kwa kiti chake nikitazama ile namba. Haina mbwembwe. Iko tu pale ulipoiacha.

Nataka hii.

Jumatatu, 8 Septemba

Mzee Runji, mwenye nyumba, amekataa.

Nilimkuta langoni akikagua maua yake. Nikamweleza kwa heshima, na karatasi ya vipimo mkononi. Hakuishika. Akasema katika ploti yake kuna kampuni moja tu, aliweka sahihi na Kamba Nuru, na hataki nyaya zining'inie kama kamba za kuanikia nguo. Nikamwambia kuhusu Ciku, bila jina. Akaniangalia kwa huruma kweli, nakubali. Halafu akasema: "Mama, hizi nyumba nimezijenga na kahawa ya Manyatta, shina kwa shina. Mambo ya hospitali ni ya hospitali. Kama hapa hapakufai, Embu ina nyumba nyingi."

Alipofungua mlango wake kuingia niliona rauta ya Kamba Nuru ukutani, na kamera nne zenye nembo yao. Zawadi ya ile sahihi. Sawa. Sasa tunajuana.

Jumatano, 10 Septemba

Ciku ametoka wodini, na leo ndiyo kliniki yake ya kufuatiliwa. Nimeifanyia kwa Maxine. Hata mara moja haikukatika.

Kabla daktari hajaingia tulikuwa wawili tu kwenye video. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia: nilisema usisubiri, picha ikakwama, sikuhakikisha, nisamehe. Akaashiria: "Mkono wako ulisimama hewani. Nikangoja uteremke. Haukuteremka, nikajua umemaliza."

Nikalia kidogo. Yeye hakulia. Akasema kuanzia leo kila jambo la daktari atanirudishia kwa ishara zake, na kama hajarudisha nisiendelee, hata daktari akiwa na haraka. Msichana wa miaka ishirini na tatu ananifundisha kazi yangu! Na yuko sawa. Daktari alipotazama saa nikamwambia angoje. Akangoja.

Shida ni nyingine. Wateja wa Maxine wanaingia kujaribu magauni. Mmoja alisimama nyuma yangu na hanga mkononi akitazama skrini. Ciku akamwona, akafunika tumbo kwa leso. Siwezi tena. Siri ya mgonjwa si ya dukani.

Ijumaa, 12 Septemba

Fundi wa Kamba Nuru amekuja hatimaye. Kijana mpole, mtu wa Runyenjes. Akapima, akapima tena. Nikampa chai. Chai ndiyo ilisema: nyumba zote kumi na mbili zinakunywa kwenye mfereji mmoja, na mfereji ni mwembamba. Nikamwambia nimelipia 20. Akasema hapana, nimelipia *hadi* 20. Akachukua ile karatasi ya mkataba akanionyesha kwa kidole. Hadi. Herufi nne. Hata 0.6 imo ndani ya hadi.

Akaomba nisiseme ameniambia. Sitamtaja. Lakini hilo neno nitalisema hadi wachoke.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nimebandika karatasi langoni. Vipimo vya siku kumi, kampuni tatu, saa na tarehe. Chini nimeandika: *Pima yako uandike hapa.*

Saa nane Mzee Runji ameitoa.

Saa nane na robo nimebandika nyingine.

Jumatatu, 15 Septemba

Ameitoa. Nimebandika. Sasa natumia gundi ya viatu.

Jumanne, 16 Septemba

Karatasi bado ipo! Imekataa kubanduka. Na nyumba saba zimeandika. Mwalimu wa juu: 0.8 kupakia, jioni. Mama wa nyumba namba tatu: mtoto wangu alikatikiwa kwenye mtihani wa online mara mbili, nikamchapa nikidhani anacheza. Nimesoma hiyo nikasimama pale langoni.

Kumbe kila mtu alikuwa anazima na kuwasha peke yake ndani ya nyumba yake.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeivuta.

Njuki, fundi wa Rupingazi Net, alifika saa tatu na kebo begani. Nilimweleza ukweli wote, kwamba mwenye nyumba amekataa. Akafikiri. Akasema yeye ataishia kwa ukuta wa Maxine, ambako ana ruhusa, na kutoka hapo ataniachia mita za kutosha. Nikapitisha mwenyewe juu ya ua, mpaka dirisha langu, nimesimama juu ya stuli ya jikoni na miaka yangu hamsini na moja. Sikutoboa ukuta. Sikugusa rangi. Imepita dirishani tu.

10 na 10.

Jioni ujumbe kutoka kwa Mzee Runji: niitoe kufikia Jumatatu, la sivyo ataikata mwenyewe na nihame mwisho wa mwezi. Dada yangu Karwirwa kanipigia kutoka Nkubu, nikamsomea. Akasema rudi nyumbani, huku kuna shamba, acha kupigana na watu wa Embu juu ya waya. Nikamwambia si waya. Akasema wewe ulikuwa hivi tangu ukiwa mdogo, ukimsemea mama dukani, ukimkatalia mwenye duka kuongea kama mama hayupo. Mama alikuwa kiziwi.

Nimemjibu Mzee: *Sitoi. Nimeusoma ujumbe wako kwa heshima, na mimi wangu nauandika kwa heshima. Jumatatu nitakuwa kazini.*

Ijumaa, 19 Septemba

Presha ya Ciku imepanda tena. Daktari ameamua: Jumatatu asubuhi wataanzisha uchungu. Virginia ameuliza kama mtandao wangu uko sawa. Nikasema uko sawa.

Sikusema mengine.

Jumamosi, 20 Septemba

Mazoezi na Ciku, saa nzima. Tumekubaliana ishara za siku hiyo. Sukuma. Pumua. Acha. Maumivu wapi. "Acha" tumeibadilisha — sasa inaanza na kichwa, si mkono, ili hata picha ikikwama akiona kichwa tu ajue. Yeye ndiye ametunga.

Akaniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pia. Basi tuko sawa."

Jumatatu, 22 Septemba

Saa moja na nusu. Nimeoga, nimevaa shati jeusi ili mikono ionekane. Meza imetazamana na dirisha. 10 na 10.

Saa tatu na dakika kumi. Daktari ametoka kidogo, Virginia anampima Ciku presha. Naandika haraka. Uchungu umeanza vizuri. Ciku anarudisha kila neno, hata akikunja uso. Daktari mwenyewe amezoea, anamaliza sentensi na kungoja.

Saa nne kasoro. Wako nje. Nawaona dirishani. Mzee Runji na koti lake la kanisani, na mtu wa ngazi, na koleo. Mama wa namba tatu amesimama kati yao na dirisha langu, mikono kiunoni. Nasikia anamwambia Mzee kwa Kiembu atazame kwanza. Mwalimu wa juu anashuka kutoka ghorofani.

Nimefungua dirisha bila kuacha kiti. Nimesema, "Mzee, ndani ya hii waya kuna mtu anazaa sasa hivi. Ukitaka kukata, njoo kwanza uone mikono yangu."

Hajaondoka. Ngazi iko ukutani. Yule mtu amekanyaga kidato cha kwanza, anamtazama Mzee. Mzee anatazama skrini kupitia dirisha langu. Nimeigeuza kidogo, aone mimi na mikono yangu tu. Ciku simwonyeshi mtu.

Daktari amerudi. Anasema njia haijafunguka yote, asisukume bado.

Naweka kalamu. Naanza na kichwa.