Boti Kwenye Migomba ya Makumira

Naeku, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Ndiyo kwanza tumerudi kutoka Makumira kuiangalia ile boti.

Ile kuukuu ya injini ambayo Sifaeli wangu anataka kuinunua kwa pesa tuliyoweka ya bati za nyumba yetu, aitengeneze, abebe watalii Tanga. Iko juu ya trela, katikati ya migomba ya mzee mmoja. Kuku wanataga ndani!

Tulienda na Koikai, fundi wetu wa Land Cruiser. Kaingia chini kutafuta oili inayovuja, kauliza imetembea kilomita ngapi! Halafu akasema mbao za chini zimeoza, matengenezo yatakula pesa kuliko boti yenyewe.

Mume wangu hasikii! Kapanda juu, kashika usukani, anajiita kapteni.

Koikai akaisukuma kidogo, kama anavyopima springi za gari. Boti ikayumba.

Kapteni akapiga ukelele: "Nishikeni, nazama!"

ANAZAMA, Naeku! Kwenye migomba! 😂😂

Mzee akamjibu taratibu, "Baba, maji yako Tanga."

Wakati wa kurudi, tulipofika Tengeru, kapteni wangu akaniuliza:

"Mama Elia, hivi bati siku hizi bei gani?"