Koti kwenye Veranda ya Kapteni

Kyebando, Kampala
9 Februari 1974

Mpendwa dada Kahambu,

Natumaini wewe, Baba na watoto mu wazima huko Beni. Mimi nina mafua tu. Dereva Faustino anakuletea picha. Iuze, watoto wapate sare. Ni veranda ya kapteni mmoja wa Kololo, kwenye nyumba aliyopewa Wahindi walipofukuzwa. Anapenda picha za jua: maua, mapapai kwenye sinia, kiti. Imenichukua siku nne, pamoja na nyingine aliyobaki nayo yeye.

Habari za shemeji Barnabé bado hakuna. Nimeuliza wachuuzi wa Kikuubo kote, hakuna anayejua lile gari la wanajeshi lilimpeleka wapi. Tuvumilie.

Kaka yako,
Mumbere

Beni
1 Machi 1974

Kaka Mumbere,

Watoto wazima. Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Picha siuzi. Kwenye kiti umechora koti la kijivu, na kiwikoni kiraka cha kitenge cha buluu. Kiraka hicho nilikishona mimi, kwa kipande cha nguo yangu ya harusi. Usiniambie hukukijua, buluu ile uliichanganya mwenyewe mpaka ikakubali. Siku nne umekaa mbele ya koti la mume wangu, ukimtafutia jua zuri mtu aliyemchukua, halafu unaniandikia nivumilie. Una roho gani wewe?

Miezi minane sasa mimi si mke, si mjane. Desturi unaijua: asiyepatikana mwili huzikiwa mgomba mahali pake. Baba hataki kuukata bila ushahidi, anasema ni kumwitia kifo mtu aliye hai. Basi lilete koti. Ulilete mwenyewe, usimame mbele ya Baba useme ulichokiona.

Dada yako,
Kahambu

Kyebando
20 Machi 1974

Dada Kahambu,

Salamu nimepata, na matusi pia, nayastahili. Koti nililijua siku ya kwanza. Niliogopa. Nikasema nitalichora, wewe utaliona, nami nitakuwa sijatamka kitu. Ni woga, sina wa kumsingizia.

Jana kapteni alilivaa. "Fundi, chora mimi na koti hii. Weka maua mingi, jua mingi." Nikachora. Buluu ya kiraka niliimwaga mara mbili kwa hasira, yeye akadhani nimelewa.

Jumapili huwa hayupo. Nitalichukua, nije.

Kaka yako,
Mumbere

Beni
6 Aprili 1974

Kaka,

Hujambo? Nakuuliza wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwuliza.

Faustino amefika na koti. Anasema ulimkabidhi kwenye kituo cha Nakivubo Jumatatu asubuhi, ukarudi Kyebando mara moja kuchukua brashi zako ndipo msafiri pamoja. Alikungoja mpaka jioni, hukutokea. Brashi, Mumbere. Za kuchorea maua ya yule mtu.

Nilikuambia ulilete mwenyewe, sikukuambia ulitume.

Baba ameingia shambani na panga. Ameniuliza akate mgomba mmoja au miwili. Nimemjibu mmoja, kwa ukali, mpaka watoto wamelia. Niandikie.

Dada yako,
Kahambu