Kovu la Bi Mwanaisha

Kaka Petro,

Mwaka mzima sikukuandikia, kwa sababu kila nilipokaa niandike, neno la kwanza lililokuja halikuwa la kumwambia marehemu. Leo nimeamua liandikwe hivyo hivyo. Nimekukasirikia. Nimekukasirikia tangu mwezi wa pili baada ya kukuzika. Kila Jumapili ninakwenda kanisani kukuombea pumziko la amani huku ninasaga meno, hata padre akaniuliza kama jino linaniuma.

Habari za nyumbani kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Mama hajambo, yuko kijijini Lusu, analima karanga kama msichana na anatukana kunguru kwa Kinyamwezi. Duka letu la Kanyenye lipo. Kamera yako ipo juu ya miguu yake mitatu, na sasa anayeingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi ni mimi. Usicheke. Najua ulikuwa ukisema kazi yangu pale dukani ni kukaa. Na kweli nilikuwa nakaa: wanawake wa mjini hawakubali kupigwa picha na mwanaume pasipo mwanamke mwenzao chumbani, basi wewe ulipiga picha na mimi nilikaa kwenye kigoda, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nikiwa pambo la heshima. Kusafisha picha kwenye chumba cha giza nilijua. Kupiga sikujua. Miezi ya kwanza niliwakata watu vichwa. Karani wa posta nilimpiga mara tatu na mara zote tatu alitoka amefumba macho, akaniuliza kama nampiga ya pasipoti au ya maiti.

Lakini angalau aliyetoka kwenye karatasi alikuwa yeye. Hapo ndipo ninapotaka tuongee.

Wewe na penseli yako, Kaka. Ulirudi nayo kutoka vitani pamoja na kikohozi. Tulikuwa hatujawahi kuona mtu anakaa dirishani, ameinua negativu, ile picha kabla haijahamia kwenye karatasi, kwenye mwanga, anachora juu yake kwa ncha nyembamba kama sindano. Penye doa ukapaziba, penye kunyanzi ukapajaza, na picha ikisafishwa mtu anatoka laini kama yai. Ulimtoa mchinja nyama akiwa na shingo. Ulimtoa katekista mzee akiwa kijana wa kipaimara. Tabora nzima ilikuwa na miaka ishirini na mitano, na wote walikupenda. Hata wewe mwenyewe hukujiacha. Ile picha tuliyoweka juu ya jeneza lako, shangazi aliitazama muda mrefu, akaniinamia sikioni: "Vero, huyu ni nani?" Ulikuwa umeondoa nundu ya pua yako! Pua ya baba! Nilicheka msibani, watu wakadhani nimezidiwa na kilio, wakanishika mabega.

Nilikuwa nikikwambia: picha ya harusi chora upendavyo, lakini picha ya pasipoti si yako. Ukanijibu, "Dada, mtu anatoka kwenda kwa watu. Aende vizuri." Ukarudi dirishani kwako, kiburi kimekujaa.

Kisha akaja Bi Mwanaisha.

Sina haja ya kukueleza wewe Bi Mwanaisha ni nani. Jirani wa nyuma ya ukuta, aliyetulisha vitumbua tangu tuliposhuka mjini na kisanduku kimoja. Tangu tumjue alikuwa anajiwekea akiba ya kwenda Hija. Na kovu lake unalijua, maana hakuna mtu Kanyenye anayemwelekeza mgeni kwake bila kulitaja. Lile la moto, tangu alipoangukia mafiga akiwa mtoto, linatoka sikioni mpaka pembe ya mdomo. Ulimpiga picha ukiwa tayari unatema damu kwenye kitambaa. Ilikuwa pasipoti ya mwisho uliyopiga. Ukakaa dirishani siku mbili. Siku mbili kwa uso mmoja! Uliponionyesha, shavu lilikuwa safi, hakuna kitu, wala huwezi kujua mkono wa mtu umepita.

Na mimi, Kaka? Mimi niliyekuwa nikikukanya? Nilisema, "Umeweza." Nikaisafisha mwenyewe, nikaikata mwenyewe, nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Hilo nalo limo kwenye hasira yangu, usidhani nimejisahau.

Huko walikotengeneza pasipoti hakuna aliyemtazama usoni. Picha ikabandikwa, muhuri ukapigwa. Wewe ukafa. Yeye akaja matanga na sufuria ya uji, na baada ya wiki sita akapanda gari moshi na mdogo wake Salumu, mtaa mzima ukamsindikiza stesheni. Siku ya kumi na moja nilikuwa nafagia kizingiti, nikamwona anakuja, na furushi lake kichwani.

Hakwenda kwake. Aliingia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Bandarini Dar es Salaam afisa alitazama picha, akamtazama yeye, akamwita mwenzake. Wakamwambia ajifute shavu. Akajifuta. Wakasema, "Mama, hii pasipoti ni ya binti yako. Umemwibia mwanao." Mwanao, Kaka. Wamwambie hivyo yeye, ambaye sote tunajua Mungu hakumjalia mtoto. Salumu akapiga kelele, akaapa, akaonyesha barua ya shehe. Wakawaweka kando kwenye benchi, na kutoka kwenye benchi hilo wakaiona meli inaondoka na wenzao. Salumu angeweza kwenda, karatasi zake zilikuwa sawa. Alikataa kumwacha dada yake.

"Babu yangu," akaniambia, "alitoka hapa hapa na pembe ya tembo begani, akaenda pwani kwa miguu, akafika. Mimi nimepelekwa kwa gari moshi, nikarudishwa kama mzigo usio na anwani."

Hakukutaja kwa ubaya hata mara moja. Hilo ndilo lililoniwasha. Nilitaka akutukane ili nikutetee. Hakunipa nafasi hiyo. Alisema tu, "Fundi alinitakia mema," akanywa maji, akaenda zake kulala. Na mimi nikabaki mbele ya kamera yako, nikaitukana kamera. Ningemtukana nani mwingine? Wewe ulikuwa umeshaondoka, kama kawaida yako, kazi ikishaharibika hupatikani.

Watu wanaingia wananiambia, "Kaka yako alikuwa na mkono!" Ninawajibu ndiyo, alikuwa nao. Wanakimbilia duka la karibu na stesheni kwa sababu mimi ninawatoa walivyo. Mchinja nyama alirudisha picha zake akafoka, "Mashavu haya umeyatoa wapi?" Nikamwambia nimeyakuta, bwana.

Mwaka huu Bi Mwanaisha ameomba pasipoti upya. Nilimkalisha pale pale, nikamgeuza kidogo ili mwanga wa mlango uangukie upande wa kovu wote. Akanisoma.

"Vero, mwanangu. Punguza kidogo."

"Sipunguzi kitu, mama."

"Nusu tu."

"Nusu ya kovu ni kovu la nani? Unataka wakuulize safari hii una pacha?"

Akacheka mpaka mtandio ukamporomoka, ikabidi nianze upya. Kisha akanuna kweli. Aliniambia nina roho ngumu, kwamba wewe ulikuwa na huruma na mimi nimezaliwa bila. Nilimeza. Nikapiga. Nilipomletea picha aliitazama, akaigeuza kifudifudi kwenye mkeka, akaniambia, "Basi, ndiyo mimi," kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Nikamwomba ile ya zamani, nakala uliyompa wewe. Nilitaka kuichana mbele yake, nikidhani nitakuwa namlipia kisasi. Akaifunika kwa kiganja.

"Iache. Huyu ndiye mimi, kama nisingeanguka motoni."

Nikaurudisha mkono wangu, Kaka. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unafanya zile siku mbili dirishani, na damu yako kwenye kitambaa. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa, na hasira haijapungua hata kidogo. Ungempa picha mbili! Moja ya kwake aiweke anapotaka, moja ya afisa. Ulikuwa na karatasi, ulikuwa na dawa, ulikuwa na dada amekaa kigodani hana kazi. Ilikuwa ni neno moja tu: "Vero, safisha na ile nyingine kabla sijaigusa." Lakini wewe hukutaka ile nyingine iwepo duniani. Ulimpenda mpaka ukamfuta. Na mimi nilikutazama nikapiga makofi.

Sasa kila anayekuja kwa pasipoti ninamkalisha, ninamwuliza ana alama gani, ninaitafuta kwa mwanga mpaka ionekane. Wananichukia. Nimezoea.

Pasipoti mpya imetoka. Nimelinganisha picha na uso wake mara sita, mara ya saba akanifukuza jikoni kwake. Wanaondoka Alhamisi, yeye na Salumu, na safari hii nimekata tiketi ya tatu ya gari moshi. Ndiyo, mimi. Nafunga duka, naenda pwani ambako sijawahi kukanyaga, Mkatoliki mzima kusindikiza mahujaji. Mama amesema nimerukwa na akili. Katekista amesema ataniombea. Nimechukua negativu mbili, ile uliyoichora na hii niliyoiacha, nimezifunga kwenye kanga. Afisa yeyote akikunja uso nitaziinua zote mbili kwenye jua nimweleze, kwa sauti ambayo bandari yote itasikia, kwamba kosa halikuwa la mama huyu. Lilikuwa la kaka yangu, fundi hodari kuliko wote Tabora, na la dada yake aliyesafisha.

Nakuahidi sitaondoka pale mpaka nione mgongo wake unaingia ndani ya meli ile. Kama ni siku moja, kama ni wiki. Akiingia, nikirudi nitapitia makaburini kabla ya kufika nyumbani, nikae nawe, labda nikulilie vizuri, maana bado sijakulilia. Hasira haijanipa nafasi. Akirudishwa, nitapitia vile vile, na hapo, Kaka, utatamani ungekuwa umezikwa mbali zaidi.

Kwa sasa pumzika kama unaweza.

Ni mimi dada yako,
Veronika