Ngolo Kumi za Kanisius

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kanzu kumi na moja tangu asubuhi. Mvuke wa pasi ukipanda nafumba macho, mara niko kwetu Namswea, ukungu umelala bondeni, kahawa imechanua ingawa si msimu wake. Nikifumbua, Maskati. Kanzu ya kumi na mbili.

Miaka miwili ya kazi niliyokubali iliisha Desemba. Paspoti yangu na viatu vyangu vimo kabatini kwa Bi Mkubwa, ufunguo anauvaa shingoni. Mlango wa nje haufunguki bila yeye. Natembea peku juu ya vigae. Hapa naitwa Mariamu. Osmunda ni jina gumu, eti. Sijui ugumu wake uko wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Mkubwa kasema Idi ya kuchinja ikipita ananihamishia kwa dada yake, mbali, jangwani. Huko simu hakuna, barua hazifiki. Nikauliza habari ya kurudi kwetu. Nikapigwa kandambili ya shavu. Kwa hasira nikaangusha kikombe, nikapigwa tena.

Nikihamishwa, nyumbani hawatajua nilipo. Hilo ndilo linaloniogopesha. Kipigo nimekizoea, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesinzia nimesimama, kwenye sinki. Ziwa lilipanda vilima likaingia jikoni. Maji baridi mpaka magotini, usipa, dagaa wa kwetu, wanapita kati ya masufuria. Mama yuko ng'ambo, anafua, hageuki. Naita, sauti haitoki.

Kuzinduka, bomba limefurika, sakafu yote maji. Nilipangusa huku nacheka peke yangu. Kesho siku ya simu.

Jumapili, 9 Machi
Kila miezi mitatu naruhusiwa kupiga simu ya misheni, Mbinga. Mama, baba na kaka yangu Kanisius hutoka alfajiri kwenda kuingoja. Bi Mkubwa hukaa ubavuni pangu. Kakulia Unguja, Kiswahili anakijua kunishinda. Kimatengo, lugha ya kwetu, kakipiga marufuku. Nilijaribu mara moja, akakata simu.

Nikamwamkia mama. Nikasema sijambo, nakula vizuri. Halafu nikasema, mama, mwaka huu ngolo achimbe Kanisius, majani ufyeke wewe.

Kwetu mwanamume hufyeka majani na kuyalaza mirabamiraba. Mwanamke ndiye huchimba yale mashimo, ngolo zenyewe, na kuyafukia majani kwa udongo. Ndivyo ilivyo tangu mababu, hata mtoto mdogo anajua. Nilitaka mama aone kwamba huku mambo yamepinduka.

Baba akachukua simu. "Osmunda, umesahau kwenu?" Bi Mkubwa akacheka, akasema mkulima hasahau jembe. Akakata.

Jumatatu, 10 Machi
Mama hajaelewa. Mjinga mimi. Heri ningepiga kelele tu.

Ijumaa Kuu, 28 Machi
Nimefunga. Hakuna aliyegundua kwamba sijala. Sanduku langu limetolewa stoo, limewekwa koridoni, nalipita nikideki. Hata ndoto zimenikimbia. Leo nimemchukia mama kwa ukimya wake. Naandika ili nione aibu.

Jumatatu, 7 Aprili
Barua. Zikija huwa zimefunguliwa, na Bi Mkubwa hunisomea mwenyewe, mkononi hanipi. Kaandika Kanisius, maneno ni ya mama. Kahawa siku hizi inanunuliwa na kila mwenye gari na mizani, ushirika umelala. Shangazi anaumwa miguu. Halafu, kwa kinywa chake mwenyewe, Bi Mkubwa akasoma: "Ngolo kumi amechimba Kanisius, majani nimefyeka mimi. Padre wa misheni naye tumempeleka akaziona."

Akauliza padre anatafuta nini shambani. Nikasema hubariki mbegu. Nikarudi jikoni nikakaa chini. Mama kaelewa.

Jumatatu, 14 Aprili
Kengele ya mlango imelia mara mbili leo. Muuza maziwa, kisha fundi wa friji. Kila ikilia naacha kazi nasikiliza. Ijumaa ni Idi.

Jumatano, 16 Aprili
Wamekuja. Mtanzania mmoja wa serikali, suti ya kijivu, pamoja na askari wa hapa. Akataja jina langu, la baba, la kijiji. Bi Mkubwa akasema humu hakuna mtu huyo, yuko Mariamu tu. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikasema Osmunda ni mimi.

Kabati likafunguliwa. Paspoti ilikuwa chini ya mashuka. Viatu havinienei tena, miguu imepanuka. Nimevibeba mkononi mpaka kwenye gari. Lami ilikuwa ya moto nami sikuharakisha.

Jumamosi, 21 Juni
Namswea. Nimefika jana usiku, karatasi za safari zimechukua miezi miwili. Baridi. Asubuhi nilisimama mlangoni muda mrefu nikingoja mtu anifungulie. Mama akapita, akausukuma. Nikamfuata.

Tukashuka shambani. Ngolo za mama zimejipanga sawasawa hadi bondeni. Katikati yake zipo kumi zilizopinda, nyingine ya duara, nyingine haina hata umbo. Nilidhani yalikuwa maneno ya barua tu. Kumbe mama alikataa kuandika uongo. Alimkabidhi Kanisius jembe, yeye akafyeka majani, kisha akamsimamia mpaka akamaliza, wanaume wanaopita njiani wakimwuliza Kanisius kaolewa na nani. Baba alinuna siku tatu. Siku ya nne akamfuata padre mwenyewe, akakaa pale mpaka barua ya kwenda serikalini ikaandikwa.

Ukungu haujapanda bado. Sioni mwisho wa shamba, nasikia tu mtu anakohoa upande wa pili. Viatu nimeviacha nyumbani. Maharage ya Kanisius yamezaa kama ya wengine. Tulipotaka kuchuma mabichi ya mboga ya mchana, mama akasema tuanzie kwenye zile kumi.