Nukta Nyeupe Ng'ambo ya Mfereji

Mpendwa Shangazi Refugio,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine redioni, na usinicheke, maana jambo lenyewe linaanza na watoto na chakula na mimi nilidhani litaishia hapohapo, lakini niliandika barua ya kwanza nikaichana, nikaandika ya pili nikaona haikuisha kwa watoto, basi leo nalimwaga lote lilivyo, utalipanga mwenyewe.

Mimi ni mjane, nilikuwa mpishi wa shule hapa Los Manzanos mpaka magoti yaliponistaafisha, na kila shule inapofungwa kiangazi nawaona watoto walewale niliokuwa nawapakulia maharage wakizunguka barabarani mchana kutwa na pakiti za viazi vya kukaanga, kwa sababu wazazi wao wako kwenye mahoteli ya watalii wanatandika vitanda vya watu, na mwaka jana kuna kabinti ka kina Trujillo, Maribel, kalikuwa kakija kuniomba maji, kanakunywa kamesimama huku macho yakiwa kwenye jiko langu, nikimwuliza "Umekula, mwanangu?" ananijibu "Nimekula, bibi. Nilikula jana," wala hasemi kwa kujionea huruma, anasema tu kama anavyotaja jina lake. Nilimpakulia, bila shaka, lakini kesho yake walikuja wanne na keshokutwa sikuweza kuwahesabu na sufuria yangu ni ya mtu mmoja.

Ndipo nikasikia kwamba serikali inagharamia chakula cha mchana cha kiangazi, mtoto yeyote anayefika anakula bila kuulizwa baba yake anapata kiasi gani, ila sharti meza iwekwe kwenye mtaa ambao nusu ya watoto wake au zaidi wanatoka nyumba zenye kipato kidogo, na hilo halipimwi kwa macho, lina ramani yake kwenye mtandao: unaandika anwani, alama inadondoka juu ya paa, mtaa ukiwa umepakwa rangi unastahili, ukiwa mweupe basi. Niliandika anwani ya ukumbi wa kanisa letu, Shangazi, ikatoka nyeupe. Kumbe mpaka wa mtaa unafuata mfereji wa kumwagilia mashamba, na sisi wa upande wa mashariki tumeunganishwa na zile nyumba za vioo kule juu mlimani, za watu waliohamia kutoka California, na watoto wao wanaopelekwa kuogelea kwa gari wametupandisha cheo bila sisi kujua. Upande wa magharibi, ukivuka tu kidaraja cha mbao, ni rangi tupu, lakini huko hakuna kanisa wala shule wala duka, kuna mashamba na nyumba za udongo, na nyumba moja tu yenye baraza refu la kuwakalisha watoto kivulini, nayo ni nyumba ambayo mama yetu alimwachia dada yangu Benigna.

Na mimi na Benigna hatusemezani. Mama alipofariki, karibu miaka sita sasa, nilikuwa Denver namwuguza binti yangu aliyejifungua kwa upasuaji, theluji ikafunga njia ya mlimani, nikawa nashinda kituo cha mabasi nikisubiri ifunguliwe, na simu ya Benigna ikaja.

"Zenaida, tumeshamzika."

"Mmemzika vipi bila mimi?"

"Njia yako ya mlimani imefungwa, na padri alikuwa anaondoka kwa njia ya chini. Ulitaka tungoje nini?"

"Mimi. Mngeningoja mimi."

Nikakata, na nilipofika sikukuta kitu cha kushika ila udongo ulioganda, na tangu siku ile sijavuka kidaraja. Hata siku ya kusafisha mfereji, ambapo wewe unajua kila nyumba inayokunywa maji yake lazima itoe mtu na beleshi, mimi namtuma mkwe wa shoga yangu Eufrasia asimame badala yangu, ili nisije nikakutana na Benigna uso kwa uso kwenye tope. Majira ya matufaha yakifika huwa kuna mfuko wa matunda hayo umetundikwa kwenye mkono wa kidaraja, sijui ni wa nani, nauacha mpaka kunguru waumalize.

Sasa huyo Eufrasia nilipomwonyesha ramani akacheka.

"Wewe nawe. Sogeza hiyo alama ivuke mfereji, andika anwani ya Benigna, halafu meza weka kanisani palepale. Nani atakuja na futi kamba?"

"Na akija?"

"Akija mpakulie mchuzi wako wa pilipili nyekundu, atasahau kilichomleta."

Shangazi, niliisogeza. Sikupeleka popote, niliisogeza tu nione, rangi ikatoka, hapo nilipaswa kuifunga ramani na sikuifunga, kwa sababu ramani ile ina kitufe ukikibonyeza unaletewa picha iliyopigwa kutoka angani, na mimi nikapaona nyumbani kwetu. Niliona paa la bati na ile pembe iliyokunjwa na upepo tukiwa wadogo, nikaona kamba ya nguo, nikaona mtufaha na benchi chini yake na tanuri la udongo limekaa kama mkate uliosahauliwa, na pembeni ya tanuri kuna nukta nyeupe. Mama alipokuwa akioka hakuvua aproni yake nyeupe, aliyoshona mwenyewe kwa gunia la unga, na picha haisemi ilipigwa lini. Niliikuza ile nukta mpaka ikavunjika vipande vya mraba, nikairudisha, nikaikuza tena. Tangu hapo kila nikiinjika maharage nashika kishikwambi nijidanganye kwamba nahakiki mtaa, na yameungua mara nyingi kiasi kwamba jirani ameniuliza kama ninaumwa.

Nina hamu na mama, hilo litaeleweka. Lakini nina hamu na dada pia, Mungu anisamehe, nina hamu naye mpaka naona aibu, maana asubuhi akiwaita kuku wake sauti yake inavuka mfereji na ni sauti ya mama hasa, nami husimama dirishani na kikombe mkononi mpaka kahawa inapoa, namsikiliza mtu ninayeishi naye jirani kama vile yuko nchi nyingine. Fomu ya kuomba chakula hicho inataka sahihi ya mwenye mahali na inatakiwa ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kiangazi hiki kimepita na Maribel atarudi kuomba maji. Je, niisogeze alama kimya kimya, au niache yote, au niende kwa Benigna? Na akinifungia mlango wa mama nitabaki na nini cha kutazama?

Mimi,
Mpishi wa Mashariki, Los Manzanos

SHANGAZI REFUGIO ANAJIBU

Mpishi wa Mashariki,

Kwanza maharage. Zima moto kabla hujashika hicho kishikwambi, maana ukiunguza nyumba hutakuwa na upande wowote wa mfereji.

Pili, hiyo alama iache ilipo. Mkaguzi huja, tena huja mchana watoto wakiwa wameinama kwenye sahani, na akikuta meza iko kanisani wakati karatasi inasema iko kwa Benigna, atakayekosa chakula si Eufrasia. Mwambie Eufrasia kwamba ndugu wakigombana, yeye achukue jembe akalime. Lakini sharti lenyewe umelisoma ukalipita: linauliza meza iko wapi, haliulizi mtoto analala wapi. Watoto wa upande wako wanaruhusiwa kuvuka kidaraja wakale barazani, na watavuka mbio. Asiyeweza kuvuka ni wewe.

Sasa nikugombeze, na ukae chini. Kutomzika mama yako ni jeraha, sikunyang'anyi hilo, na lile "ulitaka tungoje nini" lilikuwa neno baya kuambiwa mtu aliye kituo cha mabasi. Nimeumia nilipolisoma. Lakini umeniandikia kurasa nzima, umenieleza bati na pembe ya bati na kamba ya nguo, na hukuniandikia hata mstari mmoja Benigna aliishije siku zile. Wewe theluji ilikufungia upande mmoja wa mlima na mjukuu mchanga mkononi. Yeye ilimfungia upande wa pili na maiti ya mama ndani ya nyumba. Nani alimvika? Nani alipiga sururu kwenye udongo ulioganda? Hujui, kwa sababu hujauliza, na mtu aliyetoka kufanya kazi hiyo akishika simu hana maneno mazuri yaliyobaki. Ungekuwa wewe usingekuwa nayo pia.

Na hayo matufaha. Mpishi mzima, hujui ni ya nani? Los Manzanos ina mitufaha mingi, sawa, lakini ni nani anayetembea mpaka kwenye kidaraja chako, kila mwaka, akatundika mfuko upande unaofikiwa na mkono wako? Umeuona mti wenyewe kutoka angani na bado unaniuliza mimi niliye mjini. Miaka yote hiyo dada yako anakubishia hodi na wewe unawaachia kunguru wamwitikie.

Fanya hivi. Siku ya kusafisha mfereji imekaribia, nimesikia tangazo la msimamizi wenu wa mfereji hapahapa redioni. Mkwe wa Eufrasia mwambie apumzike. Chukua beleshi lako, nenda na magoti yako hayohayo, hakuna anayekutegemea uchimbe, kwangua majani na usimame mahali anapokuona. Mchana watu wanapokaa ukingoni kula walichobeba, peleka sufuria yako ukakae karibu naye. Usianze na theluji. Mwombe baraza, kwa maneno machache: "Dada, nataka kuwalisha watoto kwako kiangazi hiki, utaniruhusu?" Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kukataa. Akikataa, usilie hapo. Kuna wengine upande ule wenye uwanja, mwombe mmoja wao, funga turubai, weka meza, na fomu ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Watoto wasilale njaa kwa ajili ya ugomvi wa vikongwe wawili. Akikubali, mpe kalamu palepale kabla Eufrasia hajafika kushauri.

Unaogopa kufungiwa mlango wa mama. Mwanangu, mlango ule sasa ni wa Benigna, na anayeishi nyuma yake naye hana mama. Jikoni alipopikiwa anapika peke yake. Umewahi kufikiri anawaita kuku kwa sauti ile ili amsikie nani?

Watu wakishaondoka na maji yakifunguliwa, usirudi kwako upesi. Toa kishikwambi umwonyeshe ile picha. Mimi siwezi kukuambia ile nukta ni nini. Inaweza kuwa aproni, inaweza kuwa ndoo, au kuku aliyetulia. Ramani nayo haijui, na siku moja wenyewe wataibadilisha picha bila kukuaga, utafungua ukute yadi tupu, na hapo utakuwa umemkosa mama mara ya pili bila mtu wa kulia naye.

Muulize Benigna. Yeye alikuwepo.

Shangazi Refugio