Kivila cha Siku ya Utamaduni

Kikima, 17 Februari 2025

Kwa Mutanu, mtoto wa dada yangu,

Kitui kukoje? Huku tunakohoa kwa ajili ya vumbi, lakini mimi nakohoa kidogo kuliko wengine. Mama yako Ndila nilimwona kanisani, goti bado linamsumbua, anakusalimia.

Usishangae naandika barua. Simu yangu ilimezwa na fahali wa jirani yangu Muthama. Katikati ya mahubiri ikaanza kulia huko nje, ndani ya tumbo, pasta akauliza nani hajazima simu. Fahali mwenyewe aliangalia chini. Sasa barua ataleta Kasiva akija kuuza maparachichi huko, na unijibu kwa mkono wake.

Amenionyesha picha za chuo chenu. Nyote mmevaa nyekundu ya Valentaini, keki kubwa kama tairi ya trekta. Nimewaambia watu hapa sokoni, huyo ameshika kisu ni mpwa wangu, anasomea upishi wa hoteli, na keki ni kazi yake. Mbithi wa duka la mbolea akasema hicho ni chuo cha kucheza. Nikamwuliza, wewe uliyesoma bila kucheza umefika wapi?

Ni mimi mjomba wako,
Kisilu


Kitui, 4 Mei 2025

Kwako mjomba,

Mimi ni mzima wa mwili, na natumai goti la mama limepoa. Pole kwa simu, na pole zaidi kwa fahali.

Keki ilikuwa yangu, ndiyo. Ya Siku ya Wanawake pia, na ya Idi, na ya siku ya kuvaa soksi zisizofanana. Siku ya Wajinga dairekta alituita asubuhi akasema mtihani umeletwa mbele, ni kesho. Watu wakalia. Akacheka, akasema leo ni Aprili.

Mjomba, mwalimu wetu wa nadharia aliondoka Machi na hakuna mwingine. Mtihani wa taifa ni Julai, na hatujui kama chuo kimetusajili. Kitheka wa darasa letu aliuliza, akarudishwa nyumbani eti ni mchochezi. Shangazi ya rafiki yangu Sauda ameniwekea nafasi jikoni kwa hoteli yao, lakini ni mpaka nifanye mtihani huu wa Julai. Nikikosa anachukua mwingine.

Tarehe 23 ni Siku ya Utamaduni. Wazazi watapewa maiki, na chifu atakuwepo. Mama anaogopa kusimama mbele ya watu. Wewe huogopi. Uliza kitu kimoja tu: watoto wetu wamesajiliwa au hawajasajiliwa? Usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Dairekta akiulizwa na mzazi mbele ya wageni, atatusajili hata kwa aibu.

Mpwa wako,
Mutanu


Kikima, 11 Mei 2025

Kwa Mutanu wangu,

Barua imefika ikinuka parachichi. Sisi hatujambo, mahindi yamekubali.

Umechagua mtu. Baraza la Mbumbuni nilimwuliza D.O. wa tarafa swali moja, akasahau jina la mke wake. Kofia ilianguka yenyewe. Sembuse huyo dairekta. Swali nimelikariri nikilima, wamesajiliwa au hawajasajiliwa, mpaka punda akilisikia anasimama kungoja jibu. Nyinyi pikeni. Mdomo ni wangu.

Mjomba wako,
Kisilu


Kikima, 26 Mei 2025

Kwa Mutanu,

Natumai uliamka salama baada ya siku ile. Mimi miguu inauma, lakini ni maumivu ya sifa.

Nilikutafuta nikuage, wakasema unaosha sufuria. Yule dairekta amefundishwa kwao. Nilipofika getini tu akauliza, huyu ndiye mjomba wa Mutanu? Akanishika mkono mpaka mbele, akaniletea kivila. Kile kiti chetu cha wazee cha miguu mitatu, cha mti wa kweli. Chifu alikaa kwa plastiki. Nikapewa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na kuku. Akaniita mutumia wa nzama, mzee wa baraza, watu wote wakisikia.

Maiki ilipokuja nikawapa ile hadithi ya vile nilipinduka hewani kwa ngoma ya mbeni, nikakaa huko juu mpaka wapigaji wakabadilishana. Uliona watu wakianguka kwa kicheko? Dairekta alipangusa machozi. Hata wale vijana wa nyuma waliokuwa wameshika makaratasi waliyashusha wakacheka.

Swali nililikumbuka. Lakini wewe ni Mkamba, unajua. Mtu akikukalisha kwa kivila na ukala chakula chake, humwulizi paa lake linavujia wapi. Nitauliza siku nyingine.

Mjomba wako,
Kisilu


Kitui, 16 Julai 2025

Kwako mjomba,

Natumai mko wazima. Mimi mwili ni mzima.

Mtihani ulianza Jumatatu. Majina yetu hayamo.

Dairekta alijua unakuja kuuliza nini, mmoja wetu alimwambia. Kivila hakikuwa cha chuo. Kiliazimwa asubuhi ile kwa babu ya mlinzi, na mimi ndiye nilitumwa kukipangusa vumbi. Nikajua ni chako. Nikajiambia, mjomba wangu hawezi kunyamazishwa na kiti.

Yale makaratasi yalikuwa na swali lako. Vijana walikuwa wakingoja ulitamke, wasimame nyuma yako. Mmoja aliniuliza baadaye, huyo wenu yuko upande gani? Na mimi nilikuwa nimecheka, mjomba. Nilicheka na sufuria mkononi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Hoteli imechukua msichana wa Mwingi. Sauda aliniambia akiangalia pembeni. Chuo kinasema tungoje Novemba, na kwamba Ijumaa ni siku ya aiskrimu. Nimefungasha. Naenda Matiliku kukaanga mandazi kwa kibanda cha Ndunge.

Siku nyingine uliyosema ni ipi?

Mpwa wako,
Mutanu


Kikima, 3 Agosti 2025

Kwa Mutanu,

Matiliku kuna joto, kunywa maji. Sisi tuko. Kasiva siku hizi anafika huko, ndiyo unaona hii.

Maneno yako yalikuwa makali, lakini mimi nimesamehe hata nyoka, akaja kesho yake kushukuru. Novemba si mbali. Dairekta ni mtu wa heshima. Amenitumia cheti chenye muhuri, Mzee wa Utamaduni, nimekitia kioo kiko ukutani. Mbithi amekuja kukisoma mara mbili.

Mama yako pia alikuja. Akakisoma cheti, akasema, kumbe chuo kile hutoa vyeti. Akaondoka bila kunywa chai, na goti lile. Sijui alimaanisha nini. Umwulize.

Nimealikwa tena chuoni Mashujaa Dei, tarehe 20 Oktoba. Nitauliza siku hiyo.

Mjomba wako,
Kisilu


Kikima, 22 Oktoba 2025

Kwa Mutanu,

Hujambo? Mimi si mbaya sana.

Nilienda. Kivila kikaletwa, nikakataa. Kuku pia nilikataa. Nikashika maiki nikiwa nimesimama, nikauliza, watoto wetu wamesajiliwa au hawajasajiliwa?

Wakaanza kucheka. Walifikiri ni mwanzo wa hadithi. Nikarudia, wakapiga makofi. Nikasema sichezi, wakacheka mpaka wengine wakashika miti. Dairekta akaja akaniondolea maiki polepole kama mtu anampokonya mtoto kisu, akasema mutumia wetu hajawahi kutuangusha.

Hili lilitokea hivyo, sijaongeza. Sauda alikuwepo, mwulize.

Kasiva anasema ile barua ya Agosti iko kwa kibanda chenu chini ya kopo la chumvi, haijafunguliwa. Hiyo iache. Fungua hii.

Mjomba wako,
Kisilu